Nilimdunga mbuzi wa ndafu homoni ya kukuza, nikaacha jirani yangu alaumiwe

Wakuu, habari za mchana.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa miaka mitatu na sijawahi kuanzisha uzi. Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na sehemu zinazonifedhehesha nimeziacha kama zilivyo. Nimeshaandika mara nne nikafuta, kwa sababu kila nikisoma naona nimejitetea.

Kwa wasiojua, ndafu ni mbuzi anayechomwa mzima kwa ajili ya harusi. Siyo mbuzi yeyote. Huchaguliwa dume akiwa bado mdogo, anahasiwa, anafungwa ndani au kwenye banda dogo, analetewa chakula hapo hapo. Hatembei. Anakula na kulala mpaka mafuta yanajaa kifuani na mgongoni.

Siku ya sherehe upande wa pili wanaiangalia ile nyama ikikatwa. Ikitoka kavu hakuna atakayesema kitu mezani. Watasema njiani wakirudi.

Sasa mimi.

Nina miaka ishirini na sita. Nilisoma sayansi ya wanyama, nikamaliza, nikarudi Old Moshi kwa bibi kusubiri ajira. Bibi akafariki mwezi wa tatu mwaka jana. Baada ya mazishi ukoo ukakaa, ikaonekana kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hakiwezi kuachwa bila mtu, na wote wakanigeukia mimi. Haikuwa heshima. Ni kwamba wengine wote walikuwa na pa kurudi.

Watu wa huku mnajua hali ilivyo. Nyumba ni nyingi na ni nzuri, zina vigae na mageti, ila wenyewe wako Dar na Mwanza. Zinafunguliwa Desemba. Kuanzia kwetu kupanda juu, nyumba nne mfululizo zina makufuli. Mwezi wa saba ukungu ukishuka kwenye migomba unaweza kudhani kijiji kizima kimehama, wewe ukasahaulika.

Kuna siku ilifika saa kumi jioni ndipo nikagundua sijatoa sauti tangu niamke. Nikakohoa, nione kama bado ipo.

Bibi aliacha mbuzi mmoja mdogo, dume, mweusi mwenye kifua cheupe. Alikuwa ameshamhasisha na amemfunga kwenye jiko la nje, akisema ni wa harusi ya dada yangu Aikande. Harusi ilikuwa iwe mwaka huu tunaouanza, kwa hiyo muda ulikuwepo.

Halafu mchumba wa Aikande akapata uhamisho, harusi ikarudishwa nyuma hadi Desemba iliyopita.

Kwenye group la familia mama, ambaye anaishi Dar, akaandika, "Ndafu tutanunua, yule wa bibi bado mtoto."

Sijui kilichonipata. Tangu nimalize chuo, kila kikao cha familia mimi nilikuwa mtu wa kupanga viti. Nikaandika, "Msinunue. Nitamkuza, Desemba atakuwa tayari."

Mama akanipigia muda ule ule.

"Mwanangu, una uhakika? Hii siyo ya kujaribia. Ni ndafu ya bibi, watu watauliza."

"Mama, si ndicho nilichosomea?"

Akasema, "Haya. Nakuamini."

Wakuu, hilo neno lilinitesa kuliko kama angenitukana. Tangu siku hiyo sikuwa nafuga mbuzi. Nilikuwa nafuga jibu la swali kama mimi ni mtu wa kukabidhiwa kitu.

Sasa niwatambulishe kwa Mama Aneth, maana bila yeye uzi huu hauna maana.

Ni jirani wa upande wa chini, mjane, watoto wake wako mbali kama watoto wa wengine wote. Anapika mbege, pombe yetu ya ndizi. Machicha, yale makapi yanayobaki akishachuja, alikuwa anamletea bibi kwa ajili ya mbuzi, naye anaondoka na majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe wake. Bibi alipofariki hakuacha. Kila baada ya siku mbili alikuwa anaingia na ndoo kichwani.

"Mwenye nyumba yupo au amekwenda ofisini?"

"Shikamoo mama. Ofisi ndiyo hii."

"Marahaba. Basi fungua jiko, mteja amefika."

Alikuwa anakaa kama dakika kumi. Ananiuliza nimekula nini, ananicheka nikisema chai. Anamsemesha mbuzi kwa Kichagga, ananiambia mbuzi amejibu. Kisha anafunga majani yake, anaondoka.

Sikuwahi kuzihesabu dakika hizo kama kitu. Shikeni hapo.

Mwezi wa nane nikampima mbuzi. Sina mzani, nilitumia futi ya fundi cherehani. Mzunguko wa kifua na urefu kutoka kwato hadi begani, naandika kwenye daftari. Nikapiga hesabu ya kasi yake na siku zilizobaki. Haikufika. Nikarudia hesabu. Nikabadilisha chakula kwenye makaratasi, nikaongeza pumba na mashudu, nikarudia. Haikufika.

Nikamtafuta Gasper, niliyesoma naye, ambaye sasa yuko kwenye duka la dawa za mifugo. Tulikutana sokoni Kiboriloni. Nikamweleza.

Akasema, "Wewe naye. Kuna homoni ya ukuaji. Ile ya ng'ombe wa maziwa. Jamaa mmoja aliniachia vichupa viwili, mimi sijavitumia."

"Vina lebo?"

"Vilikuwa nayo."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeondoka. Mimi huwa nafikiria mambo mpaka yananiumiza kichwa, naweza kukaa nusu saa nikijiuliza kama salamu yangu ilikuwa ya baridi. Lakini siku hiyo sikufikiri kabisa. Nilivichukua, nikavifunga kwenye gazeti, nikapanda navyo nyumbani.

Nikakadiria dozi kwa uzito. Nikamdunga kila baada ya siku kadhaa, nyuma ya bega. Mbuzi alikuwa ananiamini, hata hakuwa ananikimbia. Nilikuwa nikimaliza namwomba samahani kwa sauti, maana hakuna aliyekuwa ananisikia.

Wiki mbili za mwanzo nilifurahi. Futi ilionyesha anapanda. Miguu inarefuka, shingo inarefuka, kwato zinatanuka. Nikampigia mama, nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Akawaambia wengine kwenye group, wakaweka makofi.

Kisha akaanza kubakisha chakula.

Siyo kwamba aliumwa. Macho yalikuwa safi, anacheua vizuri, kinyesi cha kawaida. Ila beseni lililokuwa linaisha asubuhi sasa nalikuta mchana lina robo. Machicha ya Mama Aneth, ambayo zamani alikuwa anayafuata mpaka kamba inamkaba, akawa anayaonja na kuacha.

Mama Aneth akaona. "Huyu mbuzi ana mawazo kama wewe. Mmeambukizana."

Nikacheka. Sikumwambia kitu.

Ngoja niwaeleze kilichokuwa kinatokea, kwa sababu najua wafugaji wapo na mtauliza. Sisi tunadhani dawa ya kukuza ni dawa ya njaa, kwamba mnyama atakula sana ndipo akue. Haiko hivyo. Homoni ile inabadilisha njia ya chakula mwilini. Inakipeleka kwenye mfupa na msuli, na inafungua akiba ya mafuta ili itumike. Mnyama mchanga ambaye mwili wake unakula mafuta yake wenyewe anaweza kupunguza hamu ya kula, siyo kuongeza. Kwa ng'ombe anayekamuliwa ni tofauti, maziwa yakiongezeka, baada ya muda mwili unadai na hamu inapanda. Kwa mbuzi wangu hapakuwa na wa kudai.

Kwa hiyo alikuwa anakua kweli. Anakua mwembamba.

Na kinachoniuma ni kwamba swali hilo liliwahi kuja kwenye mtihani wetu. Nililijibu vizuri.

Nimejiuliza sana ilikuwaje. Nadhani ni hivi. Chuoni miaka yote mafuta tulifundishwa kuwa ni hasara, chakula kilichopotea. Mnyama mzuri ni mwenye nyama nyekundu nyingi na mafuta kidogo. Nililibeba hilo nikaja nalo mpaka kwenye jiko la bibi, ambako mafuta ndiyo heshima yenyewe. Mtu ambaye hakusoma asingefanya kosa hilo.

Mwanzoni mwa Novemba shangazi akaja. Huyu ni dada wa marehemu baba, anaishi Kahe, na harusi za ukoo wetu ndafu zinapita mkononi mwake. Alikuja kumkagua mbuzi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi bwana mkubwa?"

Nikamfungulia. Akasimama mlangoni mwa jiko, macho yazoee giza. Kisha akainama, akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo, akashuka kwenye mbavu, akakishika kifua na kukibonyeza kama mtu anayechagua parachichi.

"Mama yako alisema unafuga mbuzi. Hakusema ngamia."

Nilijaribu kucheka.

"Huyu ni mifupa mitupu. Mrefu hivi, mafuta hakuna. Unampa nini?"

Hapo, wakuu. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Vichupa vilikuwa juu ya rafu nyuma yake, vimefungwa kwenye gazeti. Nikasema, "Majani, pumba, mashudu. Na machicha ya Mama Aneth."

Ni kweli vyote. Ndiyo maana ulikuwa uongo mzuri.

Shangazi akalichungulia beseni. Machicha yalikuwa yamebaki, yana siku mbili, yananuka.

"Ndiyo haya," akasema. "Kwa nini asikonde? Anamletea uchafu."

Nikanyamaza.

Jumapili ile alilala kwetu, tukaenda ibadani pamoja. Usharikani kwetu baada ya ibada kuna mnada nje, vitu ambavyo watu wametoa sadaka, ndizi, mayai, kuku, vinauzwa pale pale. Watu wote wanabaki kwa sababu ndipo habari za wiki zinapatikana.

Mama Aneth alikuwa amesimama na mkungu wa ndizi alioununua. Alituona, akaja akitabasamu.

"Shikamoo dada. Umekuja kumwona mchumba wetu?"

Shangazi akajibu kwa sauti ambayo hata mpiga mnada aliisikia. "Nimemwona. Mama Aneth, ukiwa na machicha yaliyooza mwaga shambani. Usimlishe mbuzi wa harusi wa watu. Mtoto huyu anahangaika peke yake, wewe unammalizia mbuzi."

Watu wakageuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Na mbege yenyewe je?" Wengine wakacheka. Mbege ndiyo inayomlisha yule mama.

Mama Aneth hakumwangalia shangazi. Aliniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda, kama anasubiri nimalizie sentensi.

Nikaangalia viatu vyangu.

Akaunyanyua mkungu wake, akaondoka.

Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Nikajiambia labda ana wageni. Jumamosi nikamwona akipita barabarani na ndoo, machicha anayapeleka kwa mtu mwenye nguruwe. Alinisalimia kama unavyomsalimia mtu wa benki.

Sindano nilikuwa nimeacha tangu shangazi aondoke. Vichupa niliviondoa kwenye rafu nikavifukia mbali na shamba, na hata hapo nilihangaika kuhusu maji ya chini. Nikawa naongea na mbuzi tu. Nilimsomea daftari lake. Nilifikiria kila namna ya kulimaliza jambo hili bila mimi kusema. Kwamba nimnunulie Mama Aneth zawadi. Kwamba nimwambie shangazi mbuzi ana minyoo. Kwamba nisubiri harusi ipite, watu wasahau.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halingesubiri. Mbuzi alikuwa anakwenda kuliwa. Kwenye vitabu homoni ya aina hiyo ni protini, ikifika tumboni inavunjwa kama nyama yoyote. Hiyo ni kama kichupa kina kile kilichosemwa. Mimi nilitumia kichupa kisicho na lebo kutoka kwa mtu nisiyemjua. Sikujua ni nini, nimempa kiasi gani, wala kinakaa siku ngapi. Nilianza kuwaona watoto wa wageni wakilamba vidole.

Siku ya tisa tangu ule mnada nikakata jani la sale. Huku kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani hilo mkononi, akilipokea amekusamehe. Nikashuka kwa Mama Aneth saa nne asubuhi. Nilimkuta anamenya ndizi za mbege nje.

Nikamwambia yote, nimesimama. Sindano, Gasper, machicha, kila kitu. Hakuacha kumenya.

Nilipomaliza akasema, "Una digrii ngapi?"

"Moja, mama."

"Ingekuwa mbili ungetuchinja sisi."

Nikanyoosha lile jani. Akalitazama, hakulipokea.

"Shangazi yako anajua?"

"Bado."

"Na wale wa kwenye mnada?"

Nikalishusha jani.

"Mimi sikutukanwa hapa nyumbani kwangu. Hapa umekuja kupumzisha tu moyo wako. Rudi nalo."

Nikarudi nalo.

Kumpigia shangazi kulinichukua siku mbili zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho sikukitegemea. Kisha akasema, "Kwa hiyo umenifanya nimtukane mjane mbele ya usharika." Akakata simu. Jumapili iliyofuata alipanda kutoka Kahe na basi la kwanza, amevaa kitenge cha msibani.

Mnada ulipokuwa katikati, akamwomba mpiga mnada nafasi. Akasema yeye alimkosea Mama Aneth mbele ya watu, na anamwomba radhi mbele ya watu. Kisha akanisukuma mbele kwa kiganja.

Sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka nilisema, "Mbuzi nilimharibu mimi, kwa sindano. Machicha hayakuwa na kosa." Nilijaribu kueleza jinsi homoni inavyofanya kazi. Sijui kwa nini. Nilifika kwenye msuli na mafuta, mzee mmoja akasema, "Kaa chini, mwalimu," na mwanamke mwingine akasema, "Kumbe machicha yenyewe ni digrii."

Walicheka sana. Mpaka leo nikipita dukani kuna anayeniita Machicha.

Mama Aneth alimpokea shangazi, wakashikana mikono. Kwangu alitikisa kichwa tu.

Jioni hiyo nikaandika kwenye group la familia kwamba mbuzi hataliwa, na sababu. Hakuna aliyejibu kwa saa nzima. Kisha Aikande akaandika, "Sawa kaka." Mama hakuandika kitu. Alinipigia kesho yake, akaniuliza habari za kahawa, habari za paa linalovuja, kila kitu isipokuwa mbuzi. Nadhani ndivyo alivyoona ni huruma.

Ndafu walinunua. Ilikuwa nzuri, nilisikia. Nilikuwa upande wa viti.

Kabla hamjaniuliza kama nimemripoti jamaa wa Gasper, nimemwambia Gasper aache kugawa dawa za namna hiyo na nimempa siku za kufikisha mwenyewe habari kwa afisa mifugo. Asipofanya nitakwenda mimi. Hatuongei siku hizi.

Sasa ni Januari. Magari yote yameshashuka, mageti yamefungwa tena. Mbuzi yupo, ameanza kula vizuri tangu dawa iishe mwilini, na kidogo kidogo kifua kinajaa. Hana kazi tena hapa duniani na sijui nimfanye nini. Kumuuza bila kusema siwezi, na nikisema hakuna atakayemnunua.

Mama Aneth tunasalimiana. Wiki iliyopita aliniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula, nikaenda zangu haraka, na tangu siku hiyo najiuliza kama nilitakiwa kusema bado.

Nilichojifunza ni hiki. Kwa mfugaji, usimdunge mnyama kitu ambacho hujui kinapeleka chakula chake wapi, na usiamini kwamba kukua na kunenepa ni safari moja. Kwa wengine wote, nilidhani ninachokilinda ni imani ya mama yangu. Kumbe hiyo ilikuwa mbali huko Dar, na haikuvunjika nilivyoogopa. Nilichokipoteza ni mtu mmoja aliyekuwa anaingia getini bila kubisha hodi, na nilimpoteza kwa kunyamaza muda usiozidi kumaliza pumzi moja.

Naombeni ushauri wenu, wale mliowahi kukosea jirani. Mnasubiri muda gani kabla ya kwenda tena? Au hakuna kusubiri, mtu anakwenda tu? Wenye elimu ya mifugo na nyie semeni kuhusu mbuzi.

Hata wa kunicheka, nichekeni. Nasoma zote na nitajibu kila mmoja. Nipo nyumbani mchana wote.